Mikataba ya Majanga ya Maradhi: Nani Huhakikisha Nchi Zinatimiza Ahadi?

SOMO LA AFYA YA UMMA

Somo hili limeandaliwa kwa wakaazi wa Kaplong, Sotik na kaunti yote ya Bomet. Linafaa kusomwa nyumbani, katika chama, darasani au kwenye baraza la chifu. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

Kisa cha Kericho, Juni 2019

Katikati ya Juni 2019, mgonjwa mmoja alitengwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho. Alikuwa ametoka safari ya eneo la mpaka wa Kenya na Uganda, na dalili zake zilifanana na za Ebola. Sampuli zilichukuliwa na kupimwa katika maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI. Muda si mrefu Wizara ya Afya ikatangaza matokeo: haikuwa Ebola. Wasiwasi ukatulia.

Homa, maumivu ya kichwa na kutapika ni dalili ambazo wahudumu wa afya katika nyanda hizi huziona kila wiki, na mara nyingi chanzo huwa malaria au homa ya matumbo. Kwa nini basi siku hiyo walifikiria Ebola? Jibu liko Uganda. Tarehe 11 Juni 2019, siku chache tu zilizotangulia, Uganda ilikuwa imethibitisha Ebola katika wilaya ya Kasese, ugonjwa ulioingia kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ikatangaza hadharani. Kenya ikachukua tahadhari. Kama Uganda ingenyamaza, mhudumu wa Kericho hangekuwa na sababu ya kuvaa glavu mbili na kumtenga mgonjwa huyo.

Kaplong ni njia panda. Magari ya Kericho, ya Kisii na ya Narok kupitia Bomet hukutana hapa mchana na usiku. Abiria aliyevuka mpaka Isebania asubuhi anaweza kuwa anakunywa chai Kaplong kabla ya jioni. Kwa hiyo mkaazi wa hapa ana haki ya kuuliza: ni nini kinachoilazimisha nchi jirani, au nchi ya mbali, kusema ukweli kuhusu ugonjwa ulioko kwake? Na ni nini kinachoilazimisha Kenya?

Ahadi zilizopo

Mkataba mkuu ni Kanuni za Afya za Kimataifa. Kanuni zinazotumika sasa zilipitishwa na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka wa 2005 na kuanza kutumika tarehe 15 Juni 2007. Nchi 196 zilifungwa nazo, Kenya ikiwemo.

Kanuni za awali, za mwaka wa 1969, zilihusu magonjwa machache tu kama kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Kisha mwaka wa 2003 ukaja ugonjwa wa SARS, ambao haukuwa katika orodha yoyote. Dunia ikajifunza kwamba orodha ya magonjwa haitoshi. Ndiyo maana Kanuni za 2005 zinauliza maswali manne kuhusu tukio lolote la kiafya:

1. Je, madhara yake kwa afya ya umma ni makubwa?
2. Je, si la kawaida, au halikutarajiwa?
3. Je, kuna hatari kubwa ya kuvuka mipaka?
4. Je, kuna hatari kubwa ya nchi nyingine kuzuia safari au biashara?

Jibu likiwa ndiyo kwa maswali mawili au zaidi, nchi inatakiwa kuiarifu WHO. Ina saa 48 za kulitathmini tukio baada ya kupata habari, na ikishaona kwamba linapaswa kuripotiwa, ina saa 24 za kuripoti. Magonjwa manne hayahitaji maswali: ndui, polio ya virusi vya asili, aina mpya ya homa ya mafua kwa binadamu, na SARS. Kisa kimoja tu kinatosha.

Kanuni zinaweka ahadi kwa upande wa pili pia. Nchi nyingine hazitakiwi kuzuia wasafiri au bidhaa kupita kiasi. Nchi ikichukua hatua kali zaidi ya ushauri wa WHO, inapaswa kueleza sababu zake za kisayansi.

Hakuna askari wa dunia

Mkaazi wa Kaplong akivunja sheria ya afya ya umma, kuna afisa wa afya, kuna polisi na kuna mahakama. Nchi ikivunja Kanuni hizi, hakuna polisi wa kuikamata wala faini ya kuitoza. WHO haiwezi kuingia katika nchi kwa nguvu. Inaweza kuuliza, kushauri, kusaidia na kutangaza.

Wengi hufikiri kwamba dawa ni adhabu: nchi inayoficha iwekewe vikwazo. Lakini historia ya kanda hii inaonyesha kwamba tayari kuna adhabu, na mara nyingi humwangukia aliyesema ukweli.

Mnamo Desemba 1997, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya samaki kando ya Ziwa Viktoria walipoteza mapato kwa miezi kadhaa, hadi marufuku hayo yakaondolewa mwaka wa 1998. Wataalamu wa afya walikuwa wakieleza kwamba hatari ya kipindupindu kupitia samaki hao ilikuwa ndogo.

Tarehe 24 Novemba 2021, Afrika Kusini iliiarifu WHO kuhusu aina mpya ya virusi vya Covid-19, ambayo siku mbili baadaye ilipewa jina la Omicron. Wanasayansi wake walifanya kile hasa ambacho Kanuni zinataka, tena upesi. Ndani ya siku chache, nchi nyingi zikawa zimewafungia milango wasafiri kutoka kusini mwa Afrika, ingawa virusi hivyo vilikuwa vimekwisha kufika kwingineko.

Kenya nayo imewahi kuwa upande wa wanaofunga. Mnamo Agosti 2014, Ebola ilipozikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone, WHO ilishauri kusiwe na marufuku ya jumla ya safari. Kenya ilizuia wasafiri kutoka nchi hizo tatu, na Kenya Airways ikasitisha safari za Liberia na Sierra Leone. Hofu ilikuwa kubwa na inaeleweka, lakini ujumbe ulioyafikia mataifa mengine ulikuwa kwamba anayetangaza ugonjwa huachwa peke yake.

Mfugaji yeyote wa Sotik anaelewa jambo hili bila kufafanuliwa. Ng'ombe wake akionyesha dalili za ugonjwa wa miguu na midomo, anajua kwamba akisema, huenda soko la mifugo likafungwa kwa karantini na majirani wakamlaumu. Akinyamaza na kumuuza ng'ombe upesi, hasara inamwangukia mwingine. Serikali za nchi hupiga hesabu hiyo hiyo.

Ukimya nao una gharama

Mwaka wa 2020 Tanzania ilitoa takwimu zake za Covid-19 hadi zilipofika visa 509, kisha ikaacha kuzitangaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hakuna vikwazo vilivyowekwa na WHO. Hata hivyo majirani hawakuwa na jinsi ya kujua hali ilivyo, na mahali pa takwimu pakachukuliwa na wasiwasi. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na madereva wakatakiwa kupimwa. Malori yakapanga foleni Namanga. Mnamo Agosti mwaka huo mvutano ukahamia angani: Kenya haikuiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila masharti ya ziada, na Tanzania ikazuia ndege za Kenya Airways hadi Septemba.

Mabadiliko yalikuja bila faini. Mnamo Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu kuchunguza hali. Baadaye Tanzania ikaanza tena kutoa takwimu, ikajiunga na mpango wa kimataifa wa chanjo wa COVAX, na tarehe 28 Julai 2021 Rais akachanjwa hadharani kuzindua utoaji wa chanjo. Chanjo zilipatikana kwa wanaoshirikiana na mpango huo.

Mambo matano yanayozifanya nchi zitimize ahadi

*La kwanza: sheria ya nyumbani.* Ibara ya 2(6) ya Katiba ya Kenya inasema kwamba mkataba ulioidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Hivyo ahadi iliyotolewa Geneva inaweza kutajwa katika mahakama ya hapa nchini. Sheria ya Kuweka na Kuidhinisha Mikataba ya mwaka wa 2012 inataka mkataba upitie Baraza la Mawaziri na Bunge la Kitaifa, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni.

*La pili: uwezo.* Nchi isiyo na maabara haiwezi kuripoti isichokijua. Kanuni zilizipa nchi hadi mwaka wa 2012 kuwa na uwezo wa msingi wa kugundua na kukabili magonjwa. Nyingi hazikufikia, muda ukasogezwa hadi 2014, kisha 2016. Mara nyingi kinachoitwa ukaidi ni upungufu wa vifaa, wataalamu na fedha.

*La tatu: uwazi.* Kila mwaka nchi hujaza ripoti kuhusu maandalizi yake. Pia kuna tathmini ya hiari inayofanywa na wataalamu wa nje wakishirikiana na wa ndani, na matokeo yake huchapishwa. Tanzania Bara ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufanyiwa tathmini hiyo, Februari 2016. Kenya ilifanyiwa mapema mwaka wa 2017. Hakuna serikali inayopenda kuonekana nyuma ya jirani yake.

Zaidi ya hayo, WHO inaruhusiwa kupokea habari kutoka vyanzo vingine na kuiuliza nchi, nayo nchi inapaswa kutoa jibu la kwanza ndani ya saa 24. Mnamo Januari 2025 WHO ilitoa taarifa kuhusu visa vilivyoshukiwa kuwa vya Marburg mkoani Kagera. Mwanzoni Wizara ya Afya ya Tanzania ilisema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Januari, Rais Samia, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO jijini Dodoma, alitangaza kwamba kisa kimoja kilikuwa kimethibitishwa. Tarehe 13 Machi mlipuko huo ulitangazwa kumalizika.

*La nne: faida ya kusema kweli.* Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan tarehe 20 Septemba 2022. Hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa kwa aina hiyo, na chanjo za majaribio zilifika Desemba, mlipuko ukielekea ukingoni. Uganda ilipotangaza mlipuko mwingine wa aina hiyo tarehe 30 Januari 2025, majaribio ya chanjo yalianza baada ya siku nne. Rwanda ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024, na katika wiki ya pili wahudumu wa afya walikuwa wakipewa chanjo ya majaribio. Nchi inayoona kwamba kusema upesi huleta msaada upesi haihitaji kusukumwa.

*La tano: majirani.* Msongamano wa malori mipakani mwaka wa 2020 uliisukuma Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzisha mfumo wa kielektroniki wa vyeti vya madereva, ili dereva aliyepimwa nchi moja atambuliwe katika nchi nyingine. Ahadi kati ya majirani huwa na nguvu kwa sababu wanategemeana kila siku: mahindi, saruji na mafuta lazima yavuke mpaka.

Fundisho kutoka shamba la mahindi la Longisa

Wakaazi wa Bomet wana mfano wao wenyewe. Mnamo Septemba 2011, wakulima wa sehemu za chini za Longisa waliona mahindi yakigeuka manjano na kukauka kabla ya kukomaa. Hawakuwa wameona kitu kama hicho. Waliripoti, wataalamu wa kilimo wakachukua sampuli, na mwaka wa 2012 ikabainika kwamba ni virusi viwili vinavyoshambulia mmea kwa pamoja. Huo ndio ugonjwa uliokuja kujulikana kama MLN. Baadaye ulionekana Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia.

Wakulima wa Bomet walipata hasara kubwa, na wengi walishauriwa kung'oa mahindi na kupanda mazao mengine. Lakini kwa sababu waliripoti, utafiti ulianza mapema. Mwaka wa 2013 kituo cha kupima mbegu dhidi ya MLN kilifunguliwa Naivasha, na kutokana na kazi hiyo mbegu zinazostahimili ugonjwa zikaanza kuwafikia wakulima wa Afrika Mashariki.

Sampuli ilitoka shambani, elimu ikatoka maabarani, na mbegu ikarudi shambani. Mkulima aliyetoa jani la mahindi yake alikuwa na haki ya kutarajia mbegu bora. Katika magonjwa ya binadamu, ubishi mkubwa wa mikataba uko hapo hapo: anayetoa sampuli ya virusi anapata nini?

Mwaka wa 2007 Indonesia ilikataa kuendelea kutoa sampuli za homa ya mafua ya ndege. Ilisema sampuli zake zinatumiwa kutengeneza chanjo ambazo watu wake hawawezi kuzinunua. Mazungumzo marefu yalizaa makubaliano maalum ya homa ya mafua mwaka wa 2011. Miaka kumi baadaye malalamiko yalikuwa yale yale. Uingereza ilianza kuchanja watu wake dhidi ya Covid-19 tarehe 8 Desemba 2020. Shehena ya kwanza ya Kenya, dozi zaidi ya milioni moja, ilifika tarehe 3 Machi 2021. Kisha India, iliyokuwa ikitengeneza chanjo hizo, ikazuia kuuzwa nje ili ihudumie watu wake, na Wakenya waliokwisha kupata dozi ya kwanza wakasubiri ya pili.

Mkataba mpya unasema nini?

Kutokana na machungu hayo, nchi wanachama wa WHO ziliamua Desemba 2021 kuandika mkataba mpya. Baada ya zaidi ya miaka mitatu ya majadiliano, Mkataba wa WHO wa Majanga ya Maradhi ulipitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025. Siku moja kabla, katika kura ya kamati, nchi 124 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 11 hazikuegemea upande wowote.

Mkataba unalenga kwamba wakati wa janga, kampuni zitakazoshiriki katika mpango wa kugawana sampuli na faida zitaipatia WHO kwa haraka asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo wanavyotengeneza. Angalau nusu ya kiasi hicho iwe msaada, na kinachobaki kiuzwe kwa bei nafuu. Vitu hivyo vitagawanywa kulingana na mahitaji ya afya.

Maelezo ya mpango huo yaliachwa katika kiambatisho cha kujadiliwa baadaye. Mkataba hauwezi kufunguliwa ili utiwe saini kabla kiambatisho hicho kupitishwa, na baada ya hapo utahitaji kuidhinishwa na nchi 60 ndipo uanze kutumika.

Kanuni za 2005 nazo zimerekebishwa. Marekebisho yaliyopitishwa tarehe 1 Juni 2024 yalianza kutumika tarehe 19 Septemba 2025 kwa nchi ambazo hazikuyakataa. Yanaitaka kila nchi iwe na mamlaka ya kitaifa ya kusimamia utekelezaji, na yanaunda kamati ya nchi wanachama ya kufuatilia utekelezaji huo. Kazi ya kamati hiyo ni kusaidia na kushauri. Haina mamlaka ya kuadhibu.

Ahadi ya Kenya huanzia kijijini

Katiba inaipa serikali ya kitaifa mambo ya nje na sera ya afya. Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za afya katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, magari ya wagonjwa, afya ya msingi, na huduma za mifugo. Maana yake ni kwamba Nairobi ndiyo inayotia saini, lakini kaunti ndiyo inayotekeleza. Saa 48 za Kanuni haziwezi kutimizwa ikiwa habari imelala wiki mbili kijijini.

Kanuni zenyewe zinakitaja kijiji. Kiambatisho chake cha kwanza kinataka ngazi ya jamii iweze kugundua ugonjwa au vifo visivyo vya kawaida, kuripoti mara moja kwa wahudumu wa afya, na kuanza hatua za kwanza za kuzuia.

Safari ya taarifa ni hii: mkaazi humwambia mhamasishaji wa afya ya jamii, maarufu kama CHP. Huyo huiarifu zahanati au kituo cha afya, kisha habari hufika kwa afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo, kaunti, na Wizara ya Afya. Wizara ndiyo inayowasiliana na WHO. Katika mnyororo huo, kiungo cha kwanza hakina ofisi wala gari. Ni mama wa nyumbani, mwalimu, mchuna chai, kondakta wa matatu au mwendesha boda boda.

Mambo yanayofaa kuripotiwa bila kungoja ni haya:

- Watu wawili au zaidi wa boma moja, shule moja au mahali pamoja pa kazi kuugua ghafla kwa dalili zinazofanana.
- Homa kali pamoja na kutokwa na damu, au pamoja na vipele visivyo vya kawaida.
- Kuhara maji maji kwa watu kadhaa kwa wakati mmoja.
- Mtoto kulegea mkono au mguu ghafla.
- Mgonjwa mwenye homa aliyetoka karibuni katika eneo lenye mlipuko.
- Mifugo au wanyama wa porini kufa ghafla. Mzoga usichunwe wala kuliwa, kwa kuwa huenda ni kimeta.

Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza cha Mpox tarehe 31 Julai 2024, baada ya msafiri kugunduliwa mpakani Taveta. Mipaka ina maafisa na vipimajoto. Njia panda ya Kaplong haina. Hapa kinachotegemewa ni macho ya wakaazi.

Yanayozifanya nchi kunyamaza ndiyo yanayomfanya mkaazi kunyamaza: hofu ya soko kufungwa, ya boma kusengenywa, ya mazishi kucheleweshwa, ya siku za kibarua kupotea. Basi dawa nayo ni ile ile. Familia iliyoripoti isinyooshewe kidole. Jina la mgonjwa lisitumwe katika makundi ya WhatsApp. Majirani wawapelekee maji na chakula waliotengwa, na majani ya chai ya boma hilo yasiozee shambani kwa kukosa wa kuyachuna. Mahali ambapo aliyesema hutunzwa, anayefuata naye atasema.

Maswali yanayoulizwa na wananchi

*Je, WHO itaweza kuamuru Kenya ifunge shule au ilazimishe watu kuchanjwa?* Hapana. Mkataba mpya unasema wazi kwamba WHO haina mamlaka ya kuagiza nchi ibadilishe sheria zake, ifunge shughuli, izuie wasafiri au ilazimishe chanjo. Kufungwa kwa shule na kafyu ya mwaka wa 2020 yalikuwa maamuzi ya Serikali ya Kenya.

*Nchi kubwa zikikaa nje, mkataba una maana gani?* Marekani ilitangaza Januari 2025 kwamba itajitoa WHO, na Julai mwaka huo ikayakataa marekebisho ya Kanuni. Hilo linapunguza fedha na nguvu. Lakini mgonjwa anayeweza kufika Kaplong leo jioni atatoka Uganda, Tanzania au Kongo kabla ya kutoka Washington. Ahadi kati ya majirani inabaki na thamani yake.

*Mwananchi atachangia vipi?* Bunge la Kitaifa likiujadili mkataba, wito wa maoni utatolewa. Vikundi, makanisa, vyama vya wakulima na mtu mmoja mmoja wanaweza kuandika maoni au kuhudhuria vikao. Swali la kuuliza ni moja: tukitoa sampuli na habari mapema, tumehakikishiwa nini?

*Nikiripoti na ikawa si kitu?* Hakuna kosa. Kisa cha Kericho cha 2019 hakikuwa Ebola, na bado wahudumu walifanya sawasawa. Taarifa kumi zisizo na ugonjwa ni nafuu kuliko mlipuko mmoja uliochelewa kujulikana.

Maswali ya kujadiliana

1. Afrika Kusini ilifungiwa milango baada ya kuripoti Omicron. Ungekuwa waziri wa afya wa nchi nyingine, ungejifunza nini kutokana na jambo hilo?
2. Kati ya mambo matano yaliyotajwa, lipi lina nguvu zaidi katika kanda hii? Toa sababu.
3. Katika kijiji chako, ni nini kinachoweza kumfanya mtu afiche mgonjwa? Kikundi chenu kinaweza kuondoa kikwazo kipi bila kungoja serikali?
4. Je, kila mmoja katika kikundi anamjua mhamasishaji wa afya wa kijiji chake kwa jina, na anajua nyumbani kwake? Asiyemjua aelekezwe kabla ya kikao kuvunjwa.